Mpishi wa Kwenye Kanda

Ihumwa, 3 Machi 2001

Mdogo wangu Bartolomayo,

Hujambo? Sisi hatujambo, watoto wazima, ila mimi moyo unachemka na sitazunguka.

Ile kanda yako ya katuni ya Kijapani imefika huku. Kila banda la video linaisifu: nyumba ya wageni imezingirwa na mafuriko, watu wana macho kama sahani, damu nyeusi kama wino, na sauti yako juu yake ikitafsiri. Nikaenda kwa fahari kumsikia mdogo wangu. Loo! Mzee anafia mezani, na wewe unatangaza: "Aliyemtilia sumu ni mpishi, Elieth wa Ihumwa, kwenye mlenda!" Wajapani wameanza lini kula mlenda?

Siku hiyo watu walicheka. Kesho yake mafundi wa reli wakapita kibandani ninapouza chakula kama hawanijui, sufuria nikarudi nayo imejaa. Leo ni siku ya tisa. Unajua baba alikufa baada ya kula chakula changu, na unajua yaliyosemwa. Kwa nini jina langu, Bartolomayo?

Dada yako,
Elieth

Dar es Salaam, 19 Machi 2001

Dada, shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi naendelea vizuri, mafua tu.

Dada nawe, ule ni utani! Watu wanapenda majina ya nyumbani. Na yule binti mpishi wa kwenye katuni sikumsingizia. Kijapani sikijui, mimi naangalia vidole. Wote pale mezani walimnyooshea yeye, nikajua ndiye. Halafu watu wa Ihumwa walianza kusema tangu mwaka 94, kabla ya katuni yangu. Mimi sikusema kitu.

Mdogo wako,
Barto

Ihumwa, 2 Aprili 2001

Bartolomayo,

Salamu zako nimezipata. Za kwangu utazipata ukizistahili.

Nilikwenda mjini kwa Jiten, mwenye duka la vitambaa. Analo gemu la kompyuta ambalo hiyo katuni imetokana nalo, na amelicheza hadi mwisho. Kumbe kanda uliyotafsiri ni ya kwanza kati ya mbili! Mpishi hana kosa. Muuaji ni mpwa wa marehemu, yule aliyenyoosha kidole wa kwanza.

Nilicheka peke yangu barabarani, kisha nikalia. Unasema hukusema kitu. Kweli, hukusema. Lakini tangu msiba hujaonja chakula changu, na watu wana macho. Sasa nikuambie nililolimeza miaka saba. Ulitumwa na baiskeli kumwita daktari wa zahanati. Ukarudi baba ameshakata roho, ukasema hukumkuta. Daktari mwenyewe aliniambia matangani kwamba alishinda zahanati siku nzima, na hakuna aliyemwita. Nikanyamaza, nikasema huyu mtoto ameogopa. Ulikuwa wapi?

Itafsiri kanda ya pili. Usipofanya hivyo, usiniite dada.

Elieth

Ihumwa, 24 Juni 2001

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi mzima. Karibu miezi mitatu barua hukuleta, ila kanda imefika.

Nilikaa benchi la mbele. Yule mpwa akasimama, akavua kofia, nawe ukampa jina lako mwenyewe: "Mimi ni Bartolomayo. Nilitumwa kumwita daktari, nikapita banda la video, nikasema nitazame kidogo tu. Picha ilipokwisha, baba naye alikuwa amekwisha. Dada yangu hana kosa." Banda zima likanigeukia. Hakuna aliyecheka.

Asubuhi mafundi wa reli walirudi, sufuria ikaisha kabla ya saa saba. Lakini hasira yangu haijaisha, nakwambia wazi. Umewaambia Ihumwa nzima kabla ya kuniambia mimi! Nimemuuliza Jiten kama mwishoni mpishi anamsamehe yule mpwa. Akasema hakuna, gemu linaishia hapo. Basi mimi sina wa kumfuatisha.

Njoo Jumamosi, mchana, wateja wakiwepo. Nitakupakulia ugali na mlenda, ukae hapo kibandani wote wakuone. Na usionjeonje kwa adabu. Ule umalize.

Dada yako,
Elieth