Truda Hakukosea Hata Neno

Mama Truda,

Ukirudi kutoka kliniki, igeuze kahawa iliyo kichanjani, na mvua ikija uifunike. Truda mwache alale, amelia sana.

Asubuhi kwenye sala ya jumuiya alisoma somo bila kukosea hata neno. Nikaona macho yake hayapo kitabuni, nikaropoka mbele ya watu wote: "Huyu hasomi, amekariri!" Kumbe wiki nzima dada yake alikuwa akimsomea, ili mimi nisiaibike. Nimejiaibisha mwenyewe.

Nimekwenda kwa mwalimu wake. Amekuwa akiniita tangu Kwaresima anieleze kwamba herufi zinamchanganya mtoto, si uvivu. Nilimpuuza.

~~Mwambie nimemsamehe.~~ Usimwambie kitu. Msamaha nitamwomba mwenyewe Jumamosi, mbele ya jumuiya ileile.

Baba Truda