Mama Alipuliza Kama Anawasha Moto

Nyanga, Bukoba
8 Septemba 2024

Mpendwa kaka Audax,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Songea, na kifua chako katika baridi hiyo? Wifi Stellah na watoto hawajambo? Sisi tumeamka salama, mibuni imechanua, Mungu ashukuriwe.

Kaka, najua barua yangu ya mwezi uliopita ilikuvunja moyo. Nilikuandikia uje umwone mama angali hai. Nisamehe, waitu, kaka yangu mpendwa. Niliandika tulivyoambiwa zahanati baada ya mama kupuliza kwenye mashine ya kupima pumzi: mapafu yamekwisha, imebaki robo.

Tangu siku hiyo mama aligawa vitenge vyake. Akapokea mpako wa wagonjwa. Akamwonyesha mdogo wetu Mugisha mahali pa kumzika, kando ya baba. Mimi nilikuwa nalilia migombani asinisikie.

Jumanne tulirudi kuchukua dawa, tukamkuta muuguzi mgeni, Shadya. Akatazama karatasi ya majibu ya kile kipimo, akauliza mama alipuliza mara ngapi. Nikasema mara moja tu. Kwanza akaipima mashine yenyewe kwa bomba kubwa la kusukuma hewa ya kiasi kinachojulikana, aone kama inasema kweli. Ndipo akamwambia mama apulize.

Kaka, mama akapuliza kama anawasha moto! Kidogo kidogo, mashavu yamejaa, uso kaugeuza pembeni kukwepa majivu. Miaka sitini amepuliza hivyo, nani amlaumu?

"Bibi, hapa hakuna kuni," Shadya akamwambia. "Vuta hewa yote, bana midomo, itoe kwa nguvu mpaka iishe."

"Nikiimaliza yote, nitabaki na nini, mwanangu?"

Alipuliza mara tano, Shadya akimhimiza, "Endelea, endelea!" Hakuridhika mpaka pumzi tatu zikalingana kwenye mashine.

Mapafu yameumia, sikufichi. Moshi wa jikoni na ile miaka ya kubanika samaki kisiwani Bumbire vimeacha alama. Lakini hayajakwisha. Atavuta dawa kila siku, na asiinamie moshi tena.

Kanisani leo niliwawaza wengine waliopuliza mara moja, wakaenda nyumbani kungoja kufa. Nikawaombea.

Mugisha na shangazi Edvina wanakusalimu. Bikira Maria awafunike kwa vazi lake.

Mama anasema usije kumzika. Njoo Krismasi umjengee jiko lenye bomba la kutolea moshi. Na vitenge vyake ameanza kuvidai.

Dada yako akupendaye na kukuombea,
Annastella