Pepesa Macho

Goldie uko? Shoga, sikia haya.

Unamjua Cyril Hynes, yule mchimba makaburi wa kanisani kwetu? Alinunua glavu zangu za sufu mtandaoni, akalipa kwa kadi. Leo kanipigia, anafoka: "Nani huyo ananikata hela kwa jina la Bernice Tobin? Bernice nilimzika mwenyewe!"

Ni marehemu mama yangu, Goldie! Akaunti ya kupokea malipo ya wateja aliifungua yeye, na mimi sikuwahi kubadilisha jina.

Cyril keshalalamika benki. Kampuni ya malipo imemrudishia hela, mimi ikanikata na ada juu yake, kisha ikaifunga akaunti. Mauzo yangu yote ya Krismasi yamo humo!

Nikapiga simu. Dada wa huko, mpole kweli: "Tunahakikisha tu kama ni Bernice mwenyewe. Atazame kamera."

Nikasema sawa. Nikasema SAWA, Goldie!

Nikachukua picha ya mama, ile ya mazishi, nikaiweka mbele ya simu. Duara la kwenye skrini likawa kijani. Imemtambua!

Halafu ikaandika: "Asante, Bernice. Sasa pepesa macho."

Bado nimeishika picha, shoga. Namngoja apepese.