Fundo la Sita

Mzee wangu,

Wiki ya tatu sasa uko chini ya udongo wa Kindu, ndani ya ile suti mpya ya abakosti uliyokuwa ukiitunza. Mimi nimekalia meza yako ya upimaji wa mto. Sikuiomba. Wakubwa wa ofisi walisema tu kwamba najua kuhesabu.

Jana saa sita, jua kichwani, nilishusha sahani yetu nyeupe ya kupimia mwanga ndani ya Lualaba, kwa kamba yako ileile, fundo kila sentimita ishirini. Ilipotea machoni kwenye fundo la sita. Mwaka jana, mwezi kama huu, uliandika la nne.

Nikachuja maji. Rangi ya chai, ileile uliyonionyesha siku uliponitoa kwenye kubeba mizigo bandarini. "Tope inabaki ku kitambaa," ulisema. "Rangi ya majani inapita. Yenyewe njo inakula mwanga." Siku hiyo nilikupenda kuliko baba yangu.

Mto haukubadilika, Mzee. Ni macho yako.

Mama, mjane wako, ameniambia: miaka miwili ulimimina chai pembeni ya kikombe, naye akapangusa tu. Na mimi miaka hiyo hiyo nilishika kamba nikisema, "Mzee, sahani ingali inaonekana." Ukanijibu mbele ya wapiga kafi, "Weye iko mukono tu. Macho iko yangu." Wakacheka. Nikacheka nao.

Nambari zako zilienda pwani, kwa watafiti wa kule mto unapoingia baharini. Wanazitumia kukadiria mwanga unaofika chini. Kila mita ya maji hula fungu lilelile la mwanga uliobaki, kwa hiyo kosa dogo huku juu ni giza zito kule chini. Sasa wameandika kwamba majani ya misitu yetu yanazidi kutia bahari weusi. Mtoto wa jicho lako amefika baharini. Wanauliza sababu, barua yao iko mbele yangu.

Ningeweza kunyamaza, mama aendelee kusalimiwa kwa heshima yako. Nimejibu. Mafundo yako, mafundo yangu, na neno moja: macho. Jina lako sikulifuta. Kosa lina mwenyewe.

Ahadi yangu ni hii: siku mshika kamba wangu atakaposema bado anaiona sahani na mimi siioni, nitampa kalamu. Weye hukuweza.

Lala, Mzee. Wanasema huko mwanga ni mwingi. Upime mwenyewe. Wa kukushikia kamba hayupo.