Baba Mkwe Trelani

Jumamosi, 19 Desemba 1998

Baba mkwe kafika. Mume wangu Lusajo kaenda kumpokea uwanja wa ndege wa Dulles, mimi nikajifungia chumbani na mtoto. Si chuki — ni mila. Kwa Wanyakyusa mke haonani na baba wa mume wake, wala hawalali chini ya paa moja. Kwetu Upare baba mkwe anakuja, anakula makande, anasinzia kwenye kiti, basi. Lakini nimeolewa kwa Wanyakyusa.

Lusajo alidhani mzee atalegeza. Mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, na hapa ni Gaithersburg, Marekani, si Tukuyu. Nikasikia kupitia mlangoni.

"Mimi nalala wapi?"

"Chumba cha wageni, Baba. Hiki hapa."

"Paa hili hili?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi nitalala kwenye gari."

Ikabidi liwe trela. Lile kuukuu la kambi, Lusajo alilonunua kiangazi eti twende nalo milimani. Tulienda mara moja, tukarudi tumenuniana. Liko nyuma ya nyumba. Kitanda, meza, choo kama kabati la nguo. Kuta unene wa biskuti. Mzee kalipenda. Kasema lina heshima.

Sura yake sijaiona. Nimeona viatu tu, kwenye uwazi chini ya mlango. Vimeng'arishwa.

Jumatatu, 21 Desemba

Hita ya umeme iko trelani, waya wake unapita dirisha la jikoni. Lusajo kaziba uwazi kwa taulo. Jiko lote sasa lina upepo, lakini mzee ana joto.

Isipokuwa nikiwasha maikrowevu. Leo nimepasha uji, umeme wa nyuma wote ukajikata, na hita ya mzee ikafa. Sikujua. Nimekunywa uji wangu kwa raha kabisa. Lusajo aliporudi kamkuta kitandani na koti, soksi pea mbili na tai.

"Baba, kwa nini hukuita?"

"Nimwite nani?"

Kweli. Amwite nani? Mimi sipo — kimila.

Anasema Tukuyu kuna baridi kuliko hii. Mzee wa kanisa, anasema uongo mchana kweupe.

Alhamisi, 24 Desemba

Lusajo yuko shifti hospitali, Washington. Kaniachia mzee kama mtu anayeacha sufuria motoni. Nimejaza chupa ya maji ya moto, nikaivalisha soksi ya Lusajo, nikaiweka kwenye ngazi ya trela, nikagonga, nikakimbilia kwenye kona. Mlango ukafunguliwa. Ukafungwa. Chupa haipo. Kama kulisha paka wa jirani.

Lakini nitajuaje kama inatosha, na kusema naye siruhusiwi? Nikaona beleshi la theluji limeegemea ukuta. Nikaliambia kwa sauti: "Wewe beleshi, mwulize Baba kama maji yana moto."

Nikajiona mwendawazimu. Halafu mzee kutoka ndani: "Beleshi, mjibu mama wa mtoto. Maji yana moto mno. Na soksi ina tundu."

Nimecheka hadi nikashika ukuta. Nadhani na yeye alicheka, au alikohoa. Anakohoa, sipendi.

Jioni Lusajo kampelekea mtoto, kama kila siku. Bupe wetu, wa miezi miwili, ana jina la mama wa mzee. Nasikia akishikwa tu mikononi mwa babu ananyamaza. Kwangu hanyamazi.

Jumapili, 27 Desemba

Wambura kaja na pikapu baada ya ibada. Ni rafiki ya Lusajo, Mkurya wa Musoma, anatengeneza nyumba za watu huko Temple Hills. Kalizunguka trela akitikisa kichwa. Anasema baridi haiingii ukutani, inaingia chini, upepo unapita kwenye magurudumu. Kashusha marobota ya nyasi kavu, yale Wamarekani wanayopambia maboga, kayapanga kuzunguka trela zima. Madirishani kabandika nailoni, akaipulizia draya yangu ya nywele mpaka ikakaza kama ngoma. Draya sasa inanuka nailoni.

Mzee kachungulia, kaona nyasi. Kamwambia Wambura: "Nyasi zimefika. Ng'ombe anakuja lini?"

Wambura kanisimulia jikoni machozi yakimtoka. Nimeona wivu kidogo. Mzee ana maneno matamu namna hiyo, na mimi nayapata kwa kusimuliwa.

Jumanne, 5 Januari 1999

Baridi ya kutoboa mfupa. Mzee anachemsha chai huko ndani siku nzima na kafunga kila tundu, basi kuta zinatoa jasho, na jasho likaganda. Asubuhi mlango haukufunguka. Umegandia kwenye fremu!

Lusajo kazini. Nikasikia gonga, gonga, kutoka ndani. Nikachukua draya na waya mrefu, nikapiga magoti kwenye theluji, nikaupuliza mlango huku nimegeuza uso pembeni. Ungeniona ungedhani namtengeneza mtu nywele.

Mbele yangu jirani Marjani kasimama na mbwa wake. Mmarekani mweusi, alisoma Kiswahili chuoni, anakisema kwa uangalifu kama anayebeba mayai.

"Dada Elieth," kasema, "naomba kuuliza. Kwa nini mzee analala nje?"

"Halali nje, dada. Ni heshima."

Akaliangalia trela. Akaangalia nyasi. "Heshima ya nani?"

Nimeeleza mila yote, nimepiga magoti, draya mkononi, mpaka mlango ukaachia. Nadhani hakuniamini. Mchana kaleta blanketi la umeme, kapita moja kwa moja mpaka trelani kumpa mzee mkononi. Yeye si mkwe wa mtu, anaweza. Mtaa mzima sasa utajua namtesa baba wa watu.

Nimelia kidogo bafuni. Halafu nikajiuliza, nalia kwa sababu ya Marjani au kwa sababu swali lake ni zuri?

Jumamosi, 9 Januari

Blanketi la Marjani halikubaliani na hita. Ukiwasha vyote viwili, giza. Lusajo kaamua kumwita Wambura afufue hita ya gesi ya trela, ile ya zamani yenye kadirisha na kamwali ka moto ka bluu ndani. Lusajo aliiogopa kwa sababu ya hewa ya sumu. Wambura kasafisha bomba la moshi, kabadili mtungi, kaweka kengele ya kunusa hiyo hewa. Haihitaji umeme hata kidogo. Kamwamrisha mzee aache dirisha la paani wazi upana wa kidole, hata agande. Mzee kasema yeye alikuwa mwalimu mkuu, anaelewa agizo.

Nimepasha uji mara mbili. Uhuru.

Alhamisi, 14 Januari

Mvua inanyesha na kuganda inapotua. Kila tawi limevaa kioo. Ni nzuri, ukiwa ndani.

Lusajo kaondoka mapema kwenda shifti. Nimemwambia asiende. Kasema wagonjwa hawaahirishi kuumwa. Kapiga simu jioni, barabara kuu ya 270 imejaa magari yaliyolala ubavu, atalala hospitali.

Beleshi limeniuliza: "Mwanangu amefika salama?" Nimelijibu ndiyo. Limetoka vile, "mwanangu", kunikumbusha kuwa mume wangu ni wake pia.

Ijumaa, 15 Januari

Umeme umekatika tangu asubuhi. Mti umeangukia nyaya mwisho wa mtaa, nimeusikia ukipasuka. Jiko la umeme limekufa, tanuri la kupasha nyumba joto limekufa. Lusajo kapiga, simu ya ukutani inafanya kazi: barabara bado zimefungwa, nimvike mtoto kila kitu.

Nimemvika kila kitu. Kawa mviringo. Bado mikono yake ni baridi, na amepunguza kulia. Hilo ndilo lililonitisha. Bupe hapunguzi kulia.

Nikasikia sauti chini ya dirisha la jikoni. "Beleshi! Mwambie mama wa mtoto, huku kuna moto. Mimi nimeshatoka. Aingie."

Nikachungulia pembeni ya pazia. Kashika ukuta, barafu miguuni, makoti mawili na kofia ya kusuka ya Lusajo. Mtu mfupi! Nilimfikiria mrefu wiki zote hizi.

Nimeingia trelani na mtoto, nimetembea kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu. Joto. Harufu ya chai na dawa ya kifua. Kitanda kimetandikwa kijeshi. Mtoto kaanza kulia baada ya muda, kwa nguvu, nami nikashukuru.

Lakini mzee kaingia nyumbani. Kupitia nailoni namwona jikoni kwangu, kivuli, anakwenda na kurudi, anajipiga mabega. Anakohoa, nasikia hadi huku. Nyumba ile haitapata joto leo wala pengine kesho.

Nikafungua mlango. Nikatafuta beleshi, halionekani, limefunikwa na barafu. Basi nikaita hivyo hivyo, nimeangalia chini: "Baba. Njoo huku ndani."

Akajibu kutoka jikoni: "Mimi sina baridi."

"Basi na sisi tunarudi huko, tukae wote bila baridi."

Nikashuka ngazi ya kwanza na mtoto, ajue sitanii. Akatoka.

Sasa tuko hivi. Nimefunga kanga katikati ya trela, kutoka mpini wa kabati hadi ndoano ya taa. Mimi na Bupe kitandani, yeye mezani karibu na mlango. Sijui mtungi umebaki na gesi kiasi gani, na sithubutu kuuliza. Kamwali ka bluu bado kako. Mzee anaimba wimbo wa Kinyakyusa taratibu, Bupe anatazama kanga kama televisheni. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Simu inalia ndani ya nyumba.

Ni Lusajo, nani mwingine? Imekata. Inalia tena. Mlango uko upande wake, na njia ni nyembamba, na mtoto siwezi kumtoa tena kwenye barafu. Mzee hajainuka. Anajua simu ile ni ya kwangu.

Inalia bado. Wimbo umekoma. Mikono miwili imetokea chini ya kanga, viganja juu.

"Elieth," anasema. "Nipe mtoto, uende ukasikilize."

Jina langu. Sikujua hata kama analijua.