Kiraka Cheupe cha Anord

Baba Anord,

Makande yako jikoni. Funika sufuria, jana paka alikula akaniomba na chai.

Kitambaa cha meza cha Krismasi usikiguse tena. Nilikwambia rangi ni tatu tu: kijani pembeni, viraka vyekundu kwa wanetu walio hai, vyeupe kwa marehemu. Asubuhi nimekukuta umefumua kiraka cheupe cha Anord kwa wembe, umekishika kama kifaranga. Miaka tisa hajapiga simu. Sikutaka kumzika, nilichoka tu kusubiri.

Naenda sokoni kununua kitambaa ~~cheupe kingine~~ chekundu. Mchungaji akiniulizia, mwambie nyani wa msitu wa Magamba wameniposa.

Uzi uliofumua usiutupe. Nitamshonea kwa huohuo.

Mama Anord