Namba za Kadi Iliyoungua

Kwako Zaituni, mwanangu uliye Kigoma,

Naandika kwa mkono wangu. Mama Spes, yule mteja wetu wa siku zote, alitaka kunipigia chapa kwa mashine, nikamwambia apana. Mi ndiye Ramazani, fundi wa redio ambaye Buyenzi nzima walikuwa wanamletea redio zilizowashinda wengine, nishindwe na karatasi? Herufi zikipinda utanivumilia. Unajua nilisoma madrasa tu, hizi za kizungu nilizijua nikiwa na mvi.

Na ni wewe uliyenifundisha. Ulitoka shule ya ordinateri, hizi kompyuta, tukanunua zile mashine nne kuukuu, tukafungua duka la barua za mtandao pale Rohero. Vita vilikuwa vimetawanya watu, kila mtu ana ndugu kambini au ng'ambo, wote wanataka kuandika. Mashine moja ndiyo iliyoshika waya wa simu, tukaiita mlango. Zile tatu zilipitia kwake. Ukanikalisha mbele ya lile dirisha jeusi, ukanieleza kwamba kila mashine ina kadaftari kake: upande huu namba ya mwenzake, upande ule alama za kadi ya mtandao ya huyo mwenzake, jozi sita za tarakimu na herufi. "Andika arp, baba. Acha nafasi. Kistari, halafu a. Itakufungulia daftari." Nikagonga kwa kidole kimoja, daftari likatoka! Nilicheka mpaka Mama Spes, aliyekuwa anamwandikia mumewe, akageuka.

"Mzee Ramazani, umeona nini humo, bibi arusi?"

Ukanionyesha na kistari d, cha kufuta. Na kistari s, cha kukaza jina lisitoke tena. "Lakini hii ya s tuiache," ukasema. "Mashine ijiulize yenyewe. Itaita, nani ana namba hii? Mwenye nayo atajibu."

Mimi nikaipenda s. Siku moja mteja alichezea mashine yake akaipa namba ileile ya mlango, zote zikapotea njia. Wewe ulirekebisha kabla chai haijapoa. Mi nikasema sitaki mambo ya kuulizana-ulizana dukani kwangu. Nikanakili alama za kadi ya mlango juu ya kipande cha katoni, nikazikaza kwenye mashine zote tatu, na ile amri nikaiweka pale inaposomwa kila mashine ikiamka. Ulisimama nyuma yangu.

"Baba, siku kadi ikibadilika, zitakuwa zinamtafuta marehemu."

"Kadi yangu haifi."

Ikafa. Ilikuwa wiki ile watu wa Kanyosha walikuwa wanaingia mjini na magodoro kichwani. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, kadi ikatoa moshi. Nikaweka mpya, mi mwenyewe, bila kumwita mtu. Taa yake ya kijani ikawaka, mlango ukafanya kazi. Zile tatu, kimya. Nikazizima nikaziwasha mara kumi. Sikujua kwamba kila nikiziwasha zinasoma amri yangu na kuzikaza upya alama za kadi iliyoungua. Wateja wamejaa, kila mmoja anataka kumaliza na kufika nyumbani kabla ya kuvrefe, ile saa ya kutotembea nje. Ukaingia, nikakurukia mbele yao.

"Ulifanya nini jana kwenye mashine zangu?"

"Sikugusa kitu, baba. Angalia daftari tu. Alama ni za kadi ile ya zamani."

"We mutoto utanifundisha mimi rezo, mtandao wa duka langu? Mimi?"

"Andika arp -a, baba. Nakuomba."

Sikuandika. Nilikunyang'anya ufunguo wa duka. Mama Spes akasema, "Mzee, si umwache aangalie?" Nikamwambia ashike ya kwake. Ukatoka bila kufunga mlango.

Asubuhi ya pili nilitoka kuswali alfajiri nikaenda dukani peke yangu. Nikaandika. Daftari likafunguka, nikalinganisha jozi kwa jozi na karatasi iliyobandikwa kwenye boksi la kadi mpya. Hazikufanana hata moja. Nikaitoa ile amri, nikaandika kistari d. Mashine ikauliza, mlango ukajibu, palepale. Zote tatu zikajibiwa.

Na wateja walipokuja, Zaituni, niliwaambia, "Mimi nimetengeneza. Huyu binti alinivurugia."

Hiyo ningeweza kuijutia kimya. Lakini wiki hiyohiyo alipita yule bwana wa ofisi, aliyekuwa amekuahidi kazi ya kutunza mashine zake kumi. Alikuja kuuliza, kwa adabu kabisa, "Mzee, binti yako anaijua kazi?" Neno moja zuri lingetosha. Nikamjibu, "Bado mutoto. Hata zangu aliziharibu." Akanishukuru, akaenda. Hujawahi kuambiwa kwa nini hakukuita. Ulingoja mwezi mzima, kisha ukapanda boti kwenda kwa shangazi yako.

Mwaka wa tatu huu. Sasa wanasema vita vinaisha. Watu wanarudi Mutakura, wanagonga kwenye nyumba zao kuona nani anaishi humo. Mi boti ya Kigoma ikifika nakwenda bandarini, nasimama kama mtu anayesubiri mzigo. Juzi nilikwenda kwa yule bwana, nikamwambia binti yangu alikuwa sahihi na mimi nilisema uongo. Akasema, "Mzee, nafasi ilijaa zamani." Nikatoka na kofia mkononi.

Barua hii nimeinakili mara mbili. Moja inakuja kwako, moja nimeibandika ukutani dukani, penye klavye, pale wanapogonga herufi, wasome walewale walionisikia. Mama Spes amekwisha kusoma. Hakunicheka.

Shangazi yako amenitumia habari kwamba watu wakikuuliza kwa nini uliacha kazi Bujumbura, unawajibu, "Ni vita." Umenifunika, mwanangu, hata huko. Usinifunike tena. Wakikuuliza, waambie ni baba.

Mungu akulinde huko uliko.

Baba yako